Mtoto wa Mwaka Uliofutwa

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa, hata kidogo. Ni kwamba huko kuna sheria inayosema jina la nchi ni mali ya serikali, na anayelitumia bila kibali ni mwizi kama mwizi wa kuku, na mimi kuku wa mtu sijawahi kuiba. Basi tuiite Nchi tu. Na wewe msomaji usinikonyeze, maana sijui unamdhania nani.

Homa ilipoingia Nchi, serikali ilifunga shule, ikafunga masoko, ikafunga misikiti na makanisa, ikafunga kila kitu isipokuwa vinywa vya mawaziri. Watu wakakaa ndani. Mvua zikanyesha wakizitazama dirishani, mahindi yakaozea shambani, watoto wakafundishwa na redio. Homa ilipochoka yenyewe ikaondoka, Baraza la Mawaziri likakutana kupima hasara. Ikaonekana ni kubwa mno, na hapakuwa na waziri hata mmoja aliyetaka iandikwe kwenye wizara yake.

Hapo akasimama Waziri wa Elimu, Mheshimiwa Daktari Bambalio, mtu mwenye kitambi cha heshima na sauti ya kufungulia mikutano.

"Waheshimiwa," akasema, "mbona tunajitesa? Hasara yote hii ni ya mwaka mmoja. Tuufute huo mwaka, na hasara nayo itakuwa imekwenda."

Ukafutwa siku hiyohiyo, tena kwa makofi. Jioni redio ikatangaza kwamba mwaka wa homa haukuwapo. Raia wote wakaamriwa kurudia umri waliokuwa nao kabla yake. Wanafunzi wote wakaamriwa kurudi kwenye darasa lilelile, dawati lilelile na sare zilezile, "kwa kuwa hakuna aliyekua, hakuna aliyesahau, wala hakuna jambo lolote lililompata mtu yeyote."

Mwalimu Tunu Chengo aliyasikia hayo jikoni kwake akichambua mchicha. Alikuwa mwalimu wa darasa la nane katika Shule ya Msingi Heri Yetu, mjane mwenye mvi na sauti ambayo mtoto aliye ng'ambo ya uwanja hakuweza kusingizia kwamba hakuisikia. Alizima redio, akautazama mchicha, akasema, "Haya. Kumekucha."

*

Siku ya kufungua shule, Mwalimu Mkuu Lugongo alisimama langoni na rula ndefu ya ubaoni. Wizara ilikuwa imemwagiza awapime wanafunzi wote urefu na athibitishe kwamba hawajakua. Lugongo alikuwa mtu mwema, lakini aliogopa wizara kama mtoto anavyoogopa sindano.

"Punguza kidogo," alimwambia mvulana mmoja ambaye kaptula yake ilikuwa imegeuka kuwa kitu kisichotajika mbele ya watu wazima.

"Nipunguze vipi, Mwalimu?"

"Kunja magoti. Bado. Kunja tena. Hapohapo! Mnaona? Hajakua."

Wa pili alikuja na ndevu.

"Hilo ni vumbi," akasema Lugongo bila kumtazama usoni. "Nenda kanawe."

Wakaingia darasani wamekunja magoti kama kundi la bata. Kwaya ya shule, iliyokuwa ikisifika kwa sauti nyembamba, ilipofungua kinywa kuimba wimbo wa taifa ilitoa mngurumo uliotikisa vioo. Lugongo akaandika kwamba sauti ziko vilevile.

Kufundisha sasa, jamani, ndiko kulikokuwa na kazi. Watoto wale walikuwa wamezoea mwalimu wa redio, na mwalimu wa redio huwezi kumkosea adabu. Mwalimu Tunu alikuwa katikati ya sentensi mvulana mmoja akanyanyuka akatoka zake nje, akaenda kunywa maji, akarudi akitafuna muhogo, akakaa.

"Wewe! Umetoka wapi?"

Mtoto akashtuka kwelikweli. Hakujua kama mwalimu anaweza kumwona.

Akiwauliza swali hawakujibu. Walisubiri kidogo wakiwa wamenyamaza, kwa sababu redio ilikuwa ikiuliza, ikinyamaza, kisha ikisema yenyewe, "Vizuri sana! Umejibu sawasawa!" Na yeye Mwalimu Tunu hakuruhusiwa kuwafundisha waliyoyasahau, kwani kwa amri hawakusahau kitu. Ilibidi afunge mlango, aweke mtoto mmoja dirishani wa kuangalia wakaguzi, ndipo awafundishe kugawanya kwa siri kama watu wanaopika pombe ya magendo.

Hesabu hazikuwa somo lake. Zilikuwa za Mwalimu Gambo, na Mwalimu Gambo alikuwa amekufa kwa homa. Lakini alikufa mwaka ule usiokuwapo, kwa hiyo kwenye ratiba alikuwa bado hai na ana vipindi asubuhi na mchana. Kipindi chake kikifika watoto walisimama, wakakiamkia kiti kitupu, wakakaa kimya mpaka kengele. Wizara ilimpa cheti cha mwalimu asiyepiga kelele. Siku cheti kilipoletwa, Mwalimu Tunu alikwenda nyuma ya choo akalia mpaka kamasi zikamtoka, maana Gambo alikuwa rafiki yake, na hata matanga hayakuruhusiwa.

*

Wiki ya pili akarudi Kadzo.

Kabla ya homa, Kadzo ndiye aliyekuwa akiongoza darasa la nane. Alikuwa msichana mwembamba, mwepesi wa kunyoosha mkono, anayesahihisha walimu kwa heshima kiasi kwamba wanamshukuru. Sasa aliingia amevaa sweta la mwanaume, akakaa dawati la nyuma. Katikati ya kipindi sweta likapiga chafya.

Mwalimu Tunu alimaliza kuandika ubaoni. Kengele ilipolia akamwita kando.

"Toa nimwone."

Kadzo akafungua sweta. Ndani mlikuwa na katoto ka kike, kamelala, ngumi zimekunjwa. Baba wa katoto hako alikuwa ofisa wa mgao wa unga, mmoja wa wale waliopewa kibali cha kutembea wakati raia wote wamefungiwa, naye alikitumia kibali hicho kumfanyia mtoto wa watu unyama. Hakuna aliyemuuliza. Angeulizwaje, na ilikuwa mwaka ambao haukuwapo?

"Nyumbani hakuna wa kumwachia, Mwalimu," Kadzo akasema. "Mama anafua nguo za watu. Nataka kufanya mtihani. Ukinifukuza sitalia, lakini niambie sasa hivi, nisije nikaanza kuzoea."

Sheria ya Nchi ilikuwa ya zamani, na fupi: msichana akizaa, shule basi, maisha yake yote. Kwa sheria hiyo walikuwa wameshampoteza msichana mmoja karibu kila mwaka, na kila mara Mwalimu Tunu ndiye aliyempelekea mama mtu daftari za mwanawe. Hakuwa na hamu ya kuipiga tena safari hiyo.

Akaenda ofisini na Kadzo, mtoto akiwa kifuani. Lugongo alipoona alishika kichwa.

"Mtume! Huyo anatoka leo hii. Mwalimu Tunu, unataka kunifilisi? Sheria inasema akizaa..."

"Alizaa lini, Mwalimu Mkuu?"

"Si mwaka jana, wakati wa ho..." Lugongo akaenda kufunga dirisha.

"Endelea," akasema Mwalimu Tunu. "Wakati wa nini?"

"Wakati... hakuna wakati."

"Basi hakuzaa. Na kama hakuzaa, hapa ofisini kuna watu watatu tu, wewe, mimi na mwanafunzi wa darasa la nane. Au wewe unaona wa nne? Kama unamwona, andika barua wizarani useme mwaka ule ulikuwapo. Kalamu ninayo."

Lugongo akamtazama mtoto. Mtoto akamtazama Lugongo, akapiga mwayo. Jasho jembamba likamtoka mwalimu mkuu.

"Simwoni," akasema. "Lakini mwambieni asilie."

Ndivyo Kadzo alivyobaki shuleni. Watoto wenzake walimpa yule mtoto jina la Bado, kwa sababu kila aliyeuliza kama amezaliwa aliambiwa bado. Darasa la nane walimlea kwa zamu. Alimeza chaki, akatafuna pembe za vitabu, akaota meno mawili kinyume cha amri. Kadzo akaongoza darasa tena.

*

Muhula wa mwisho, mtihani wa taifa ukiwa mlangoni, ikaja habari kwamba Mheshimiwa Daktari Bambalio mwenyewe atatembelea Heri Yetu, ajionee kwa macho yake jinsi ambavyo hakuna kilichotokea.

Lugongo hakulala. Alifanya mazoezi na shule nzima. Magoti yakunjwe. Ndevu zioshwe. Na Bado akilia, wote waimbe wimbo wa taifa. Mwalimu Tunu akamwita Kadzo pembeni.

"Bado atakaa jikoni na mpishi. Wewe utakaa mstari wa mbele, utasoma risala. Sikiliza. Hata litokee nini, lile neno usiliseme. Ukisema 'mwanangu' mbele ya waziri, umekwisha. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Sema."

"Sina mtoto," Kadzo akasema, akatazama chini.

Waziri akaja na gari refu jeusi, likaegeshwa kwenye kivuli kando ya jukwaa. Wanafunzi wakamlaki wamechuchumaa nusu. Akafurahi sana.

"Wananchi!" akaanza. "Maadui zetu wanadai kwamba wakati unapita. Nawauliza, nani ameuona ukipita? Ulipita na nguo gani? Tazameni watoto hawa! Hawajaongezeka hata unywele! Nchi nyingine zinazeeka, sisi tumekataa!"

Kutoka jikoni kikasikika kilio. Shule ikalipuka na wimbo wa taifa. Waziri akasimama wima, mkono kifuani. Wimbo ulipoisha akaendelea, Bado akaendelea, wimbo ukaanza tena. Mara ya tatu machozi yakamtoka waziri kwa kuguswa, akasema hajawahi kuona shule yenye uzalendo wa namna hii.

Kisha kukawa kimya, na kimya hicho Mwalimu Tunu hakukipenda. Akageuza shingo. Mpishi alikuwa amekuja mlangoni kumwona waziri, na Bado alikuwa amempita katikati ya miguu. Anatambaa, jamani! Anakata uwanja mbele ya shule nzima, mate yanamtoka, anacheka. Mamia ya macho yakapanda juu yakatazama mawingu. Waziri naye akamwona, yakamtoka macho, kisha akayapandisha mawinguni kama wengine, maana amri ilikuwa yake. Bado akapita mbele ya jukwaa, akaliona gari, akapenda jinsi linavyong'aa. Akaingia chini yake, nyuma ya gurudumu.

Waziri akaamua hotuba inatosha. Akashuka haraka, macho bado juu, akajikwaa, akaingia garini. Mlango ukafungwa. Dereva, ambaye muda wote alikuwa amelala usingizi kwenye usukani, akaamka akawasha gari, akaweka gia ya kurudi nyuma.

Shule nzima iliona, na shule nzima ilikuwa kimya. Lugongo alikuwa ameuma kidole. Mwalimu Tunu akamtazama Kadzo pale mstari wa mbele, risala mkononi, akaona kifua kinajaa pumzi na kinywa kinafunguka. Alijua ni neno gani linatoka. Akalitoa yeye kwanza, kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya uwanja:

"Mwanangu! Mwanangu yuko chini ya gari! Simamisha!"

Na mwenyewe akakimbia, mvi na miwani na viatu vya kisigino, akajitupa nyuma ya gurudumu.

*

Gari lilisimama. Waziri akateremka polepole.

"Mwalimu, umesema nini?"

"Nimesema mwanangu, Mheshimiwa. Yuko humu chini."

"Amezaliwa lini?"

"Mwaka ule."

"Mwaka upi?"

"Ule ambao haukuwapo."

"Basi na mtoto hayupo," akasema waziri, akaangaza kote huku akitabasamu.

Mwalimu Tunu alikuwa amekaa mavumbini, sketi imechanika. Hasira zikamkaba, hasira za mwaka mzima.

"Kama hayupo," akasema, "mwambie dereva arudi nyuma."

Waziri akamtazama dereva. Dereva akazima gari, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Mimi nimemwona, mzee," akasema. "Siendeshi."

Mwalimu Tunu akamvuta Bado kwa mguu, akamkumbatia. Alikuwa mzima, ana grisi puani. Kadzo alisimama palepale alipokuwa, risala imebanwa kwa mikono miwili, hakusogea hata hatua. Mwalimu Tunu alimwona na akajua inamgharimu nini.

Waziri akainama. "Wewe? Na mvi zako hizo? Umezaa?"

"Watu tulifungiwa ndani, Mheshimiwa. Yalitokea mengi."

"Na baba yake ni nani?"

"Mwaka wenyewe haukuwapo. Baba naye angekuwapo vipi?"

Mtu mmoja alicheka, na baada yake hakuna aliyeweza kujizuia. Magoti yakakunjuka. Waziri akajikuta amezungukwa na msitu wa vijana warefu wanaocheka kwa sauti nzito, akaingia garini upesi. Ufunguo ukapatikana baada ya dereva kuombwa kwa adabu.

*

Kesi ya Mwalimu Tunu iliwatesa wanasheria wa serikali. Kumshtaki kwa kuzaa mwaka uliofutwa kungekuwa kukiri kwamba kuna watu walioweza kuzaa mwaka huo. Kumwacha kungekuwa fedheha. Kumpima kama kweli ni mama kulipendekezwa na mwanasheria mmoja kijana, naye akaulizwa kama anataka ijulikane mama hasa ni nani na baba hasa ni nani, maana ofisa wa mgao wa unga alikuwa sasa amepanda cheo, anasimamia maghala yote. Yule kijana akasema alikuwa akitania.

Mwisho ukapatikana uamuzi, ukasomwa redioni baada ya taarifa ya hali ya hewa. Serikali, kwa huruma yake, ilikuwa imeruhusu mwaka ule upite, lakini kwa mtu mmoja tu, Bi Tunu Chengo. Raia wengine wote wabaki kama walivyo. Na kwa kuwa mwaka huo ukipita yeye anakuwa ametimiza sitini, amestaafu tangu jana, na haruhusiwi kukanyaga shule yoyote.

Lugongo alimletea chaki zake na kikombe chake cha chai nyumbani. Alisimama mlangoni muda mrefu, akasema, "Nisamehe, Mwalimu," akaondoka kabla ya kujibiwa.

Mwalimu Tunu alilia siku hiyo. Kesho yake akamfunga mgongoni Bado, ambaye tangu siku ile ya uwanjani alikuwa akilala kwake, akaenda zahanati. Muuguzi, ambaye kwa miezi yote ile alikuwa amekataa kumchanja mtoto wa mwaka uliofutwa, akasoma jina la Tunu, akakumbuka tangazo la redio, akatoa sindano bila neno. Bado akawa mtoto pekee wa mwaka wake mwenye kadi ya chanjo. Mama yake kwenye kadi akaandikwa Tunu Chengo.

Ili kuhakikisha hakuna udanganyifu, wizara ilimweka mkaguzi mbele ya nyumba. Alikuja na kiti chake, akakaa kibarazani kutwa nzima, na kazi yake ilikuwa kusikiliza nani anamwita nani nini. Kwa hiyo Kadzo alipopita jioni, akitoka shule, alipiga hodi kama mgeni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanafunzi. Karibu."

"Mtoto wako hajambo?"

"Hajambo. Mbebe kidogo, nipate kupika."

Na Kadzo alimbeba, akamnyonyesha chumbani mlango umefungwa, huku Mwalimu Tunu akigonganisha sufuria jikoni ili mkaguzi asisikie.

Kadzo alifanya mtihani. Matokeo yalipotoka alikuwa wa kwanza wilayani. Waziri akampongeza redioni kwa jina, kama mfano wa msichana ambaye hakupatwa na jambo lolote. Akapata nafasi shule ya sekondari ya bweni, mbali, siku mbili kwa basi.

Asubuhi ya kuondoka alikuja na sanduku la bati na sare mpya iliyomkaa sawasawa. Mkaguzi alikuwa kitini. Kadzo akaweka sanduku chini, akanyoosha mikono. Bado alikuwa ameanza kusimama, ameshika sketi ya Mwalimu Tunu. Akaitazama sare, akaitazama mikono. Akarudi nyuma, akauficha uso kwenye sketi, akalia, na akasema neno lake la kwanza, waziwazi, mkaguzi akisikia.

"Mama."

Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika.

Kadzo alibaki na mikono yake hewani. Mwalimu Tunu aliona tena kifua kinajaa pumzi kama siku ile uwanjani. Safari hii Kadzo aliimeza mwenyewe. Akainama, akabusu kisogo cha mtoto, akasema, "Kwaheri, mdogo wangu. Usimsumbue mama." Akajitwika sanduku, akashika njia ya stendi.

Bado alilia mpaka akakwama pumzi. Mwalimu Tunu akamwinua, akamweka begani, uso wa mtoto ukiangalia njia.

"Nyamaza, mwanangu," akasema, kwa sauti ya kufika hadi kwenye kiti cha mkaguzi. "Nyamaza. Dada anakwenda shule."